Kopo la Maganda ya Vidonge

Kisa hiki ni cha mwanamke wa Ngamiani, Tanga, mpika vitumbua. Jina lake naliacha. Nakisimulia kwa sababu yaliyompata yanawapata wengi, na wengi wao hawajui kwamba yameshawapata.

Siku yake ilianza saa tisa usiku. Mchele aliouloweka ulikuwa umeshasagwa na kuchanganywa na tui, hamira na iliki, na unga umeumuka. Aliwasha jiko la mkaa uani, akabandika kikaango cha vitumbua, na adhana ya alfajiri ilimkuta amejaza beseni la kwanza. Wateja wake walikuwa vijana wa bodaboda, wanafunzi, na watu wanaowahi zamu bandarini. Mpaka saa nne asubuhi, beseni tupu, yeye mwenyewe alikuwa hajatia kitu tumboni ila chai ya rangi, nzito, kikombe baada ya kikombe. Hapo tena sokoni kutafuta nazi na mchele wa kesho, jua liko utosini. Miezi ya kaskazi, Tanga, ukuta uliopakwa chokaa peke yake unatosha kuumiza macho.

Kipandauso alikuwa nacho tangu usichana. Mama yake alikuwa nacho, mama yake mdogo pia. Maradhi haya hutembea katika ukoo. Kwake kilikuja mara mbili tatu kwa mwezi. Kilianza machoni: mstari wa nuru wenye meno meno unatokea pembeni, unatanuka, unametameta, mpaka anaona nusu tu ya uso wa mteja aliyesimama mbele yake. Baada ya nusu saa hivi nuru inaondoka, na maumivu yanaanza nyuma ya jicho la kulia, yanapanda kipajini, yanagonga kila moyo unapodunda. Mwanga unamchoma. Sauti ya watoto inamchoma. Harufu ya iliki, ambayo siku nyingine anaipenda, inamtapisha. Kipandauso kisichotibiwa huweza kuchukua muda wa saa 4 hadi 72, na kwake kumaliza kutwa nzima kilikuwa kitu cha kawaida.

Miaka ile mama mkwe wake ndiye aliyekuwa tabibu wa nyumba. "Ingia ndani, mwanangu," alikuwa akimwambia. "Vitumbua vitapikwa kesho." Alimlaza chumba cha nyuma, akatundika kanga dirishani kuziba mwanga, akawatoa watoto wote nje. Alimfunga kichwa kwa kanga nyingine, akaikaza. Alichovya kitambaa kwenye maji ya mtungi, akakikamua na kumwekea kipajini, kingine shingoni, na kila kilipopata joto alikibadilisha bila kusema neno. Kichefuchefu kikipungua alimpa chai ya tangawizi, mafunda madogo madogo, au dafu. Mgonjwa alilala. Jioni aliamka mnyonge, lakini kichwa kimetulia.

Nakaa hapa makusudi. Mambo ya mama mkwe ndiyo ambayo watu huyaita ya kizamani, na ndiyo yaliyokuwa sawa. Ubongo wa mwenye kipandauso hushtushwa upesi na mwanga, kelele na harufu. Chumba chenye giza na kimya kinamwondolea vyote kwa mara moja. Kitambaa baridi na kanga iliyokazwa havigusi chanzo cha ugonjwa, lakini wagonjwa wa nchi nyingi, wasiojuana kabisa, wamejikuta wakifanya hayo hayo mawili kwa sababu maumivu yanapungua. Usingizi unashinda vyote. Tangawizi nayo ina ushahidi wake: mwaka 2014 madaktari wa Iran walichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 100, nusu wakipewa unga wa tangawizi na nusu sumatriptani, ambayo ni dawa maalumu ya kipandauso. Baada ya muda wa saa 2 nafuu ya makundi yote mawili ilikaribiana. Jaribio moja halifungi mjadala, ila tangawizi inajulikana pia kwa kutuliza kichefuchefu, na kwa mtu anayetapika huo peke yake ni msaada mkubwa. Dafu linamrudishia maji na chumvi alizotapika.

Si kila dawa ya nyumbani inamfaa mtu wa kipandauso, hata hivyo. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, aliwahi kumfunika blanketi na kumfukiza kwa majani ya mkaratusi. Mvuke, joto na harufu kali mahali pamoja: alitoka humo akitapika na kichwa kimezidi mara mbili. Udi na ubani ndani ya chumba kilichofungwa hufanya hivyo hivyo kwa wengi wao. Mafuta ya karafuu kwenye panja wapo ambao yanawatuliza, na wapo ambao harufu yake ndiyo inayoamsha kipandauso. Mgonjwa aulizwe mwenyewe, na akisema harufu inamkera, aaminiwe.

Mama mkwe alifariki. Mwaka ule ule bahari ikawa nzito. Mume, ambaye ni mvuvi, alikuwa akirudi na samaki wa kitoweo tu, hakuna wa kupeleka kwenye mnada wa samaki wa Deep Sea. Vitumbua vikawa ndiyo nyumba: ada, mchele, umeme, vyote. Siku moja ya kulala chumba cha giza ilikuwa siku moja bila mauzo, na mteja akikukosa mara mbili anahamia barabara ya pili. Akaenda duka la dawa.

"Kaka, nipe za kichwa."

Kijana alimkatia vidonge viwili vya panadol ekstra na viwili vya rangi vyenye diklofenaki na parasetamoli pamoja. Hakumuuliza kichwa kinaanzaje, wala ameshameza nini. Baada ya muda mfupi maumivu yalishuka, akamaliza kuuza, akaenda sokoni, akarudi kupika chakula cha watoto. Huwezi kumlaumu mtu kwa kufurahia siku aliyorudishiwa.

Mwanzoni alimeza kichwa kilipomshika. Baadaye alimeza kilipoonyesha dalili ya kumshika. Mwishowe alimeza saa tisa usiku, kabla ya kuwasha jiko, ili kisije kabisa. Na hapo ndipo alipoanza kuamka kila siku kichwa kinauma tayari. Hayakuwa maumivu yale ya jicho la kulia. Yalikuwa uzito wa kichwa kizima, kama wa mtu ambaye hakulala, na yalitulia pale tu alipomeza. Anayeuza sokoni anaijua mikopo ya kausha damu: unakopa asubuhi ulipe jioni, na jioni unakopa tena ulipie ile ya asubuhi. Kidonge cha alfajiri kilikuwa cha namna hiyo. Kilimlipia maumivu ya leo kwa maumivu ya kesho.

Maganda ya vidonge, zile karatasi za fedha zilizotobolewa, aliyatupa uvunguni. Mwanawe wa mwisho aliyaokota akayajaza kwenye kopo la maziwa ya unga, akawa anachezea duka la dawa na wenzake. Hakuna mtu mzima aliyelitazama lile kopo.

Hali hii inajulikana kwa madaktari dunia nzima: maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa za maumivu ya kichwa zenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema katika baadhi ya jamii hufikia watu 5 katika kila 100, wanawake wakiwa wengi zaidi. Huwapata hasa wale ambao tangu awali wana kipandauso au aina nyingine ya maumivu ya kichwa. Ubongo uliozoea kutulizwa kila siku unakuwa mwepesi zaidi wa kuhisi maumivu, na dawa ikiisha mwilini usiku, asubuhi unadai. Kipimo chake ni siku. Anayemeza panadol ya kawaida, ibuprofeni au diklofenaki siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, ameingia eneo la hatari. Kwa dawa za mchanganyiko, pamoja na panadol yenye kafeini ndani, zenye kodeini, tramadoli, ergotamini na zile za jamii ya sumatriptani, mpaka ni siku 10 tu. Anayechanganya aina mbili tatu, kama dada huyu, naye mpaka wake ni 10. Haijalishi siku hiyo amemeza kimoja au sita. Siku inahesabiwa siku.

Yeye hakuwa na hesabu. Alipoulizwa na yeyote alijibu, "Nameza nikizidiwa." Alikuwa anasema kweli, maana alizidiwa kila siku.

Watu wakaanza kutafuta sababu. Wa kwanza walisema malaria, na pwani yetu hilo ni wazo la haraka. Alimeza dozi ya mseto bila kupimwa, akarudia baada ya wiki chache, bila kupimwa tena. Kipimo cha malaria ni tone la damu kidoleni na majibu ya muda mfupi. Kichwa kisicho na homa kikitibiwa malaria kila mwezi, malaria yenyewe haipo na ugonjwa wenyewe unaachwa. Wa pili walisema macho, akanunua miwani ya barabarani. Wa tatu walisema husda: vitumbua vyake vinakimbiliwa, kuna mtu ameweka jicho. Alisomewa dua, akanywa kombe, na nasema kwa moyo mweupe kwamba hayo hayakumdhuru. Yalimpa utulivu ambao alikuwa hana. Kilichonitisha ni mganga mmoja aliyemchanja chale za panja kwa wembe ambao dada hakuona umetoka kwenye karatasi mpya. Wembe wa namna hiyo unaweza kupitisha virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini, na hakuna chale inayofika kwenye ubongo.

Sitaki mtu asome hapa dharau kwa waganga. Tanga ina historia ya kujivunia katika jambo hili. Kikundi cha Tanga AIDS Working Group, kilichoundwa miaka ya 1990, kiliwakalisha pamoja waganga wa mitishamba na wahudumu wa hospitali kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI, wakati ambapo dawa za kisasa za virusi hivyo zilikuwa hazijawafikia watu wa kawaida. Mganga wa aina hiyo anajua mpaka wake, na akiuona ugonjwa umepita mpaka anamwambia mgonjwa aende hospitali. Wa wembe hakumwambia kitu.

Wifi yake ndiye aliyeona kwanza. "Wifi, umepauka. Hata kucha zako nyeupe." Dada akajibu ni uchovu. Hakumwambia kwamba kwa siku kadhaa choo chake kilikuwa cheusi, cha kunata, chenye harufu isiyo ya kawaida. Alidhani ni chakula. Tumbo lilimuuma juu ya kitovu, na alilitibu kwa maziwa. Alfajiri moja, katikati ya beseni la kwanza, aliinuka kuchukua mafuta akaanguka pembeni ya jiko. Bahati njema hakuangukia mkaa. Kijana wa bajaji aliyekuwa akisubiri vitumbua vyake ndiye aliyempakia kumpeleka Bombo.

Hospitali ya Bombo iko kwenye mwinuko unaoitazama bahari, na jengo lake la kale liliachwa na Wajerumani. Walimpima damu wakakuta imeshuka mno, akaongezewa. Daktari wa zamu, mwanamke wa makamo, akakaa kitandani pake.

"Shikamoo dokta."

"Marahaba, mama. Unameza dawa gani?"

"Za kichwa tu, dokta. Nikizidiwa."

"Mwezi huu umezidiwa siku ngapi?"

Akanyamaza. Wifi, aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda, akasema, "Dokta, nyumbani kuna kopo." Akalileta jioni. Daktari alilimimina juu ya shuka. Akayapanga maganda kwa aina, ya fedha huku, ya rangi kule, kimya kimya, na dada akageuza uso ukutani akalia. Hakuna aliyemgombeza. Daktari alimwambia maneno ambayo wifi anayakumbuka mpaka leo: kwamba alikuwa akipigana na maumivu kwa silaha aliyouziwa, na hakuna aliyemwonyesha ina makali pande zote mbili.

Diklofenaki ndiyo iliyomletea vidonda tumboni, navyo vikavuja damu. Dawa za jamii hiyo, ibuprofeni na aspirini zikiwemo, hupunguza kinga ya ukuta wa tumbo dhidi ya asidi yake, na anayezimeza na chai tupu kila alfajiri anajiweka pabaya zaidi. Figo nazo zilikuwa zimeanza kuchoka. Juu ya hayo, parasetamoli ilikuwa ndani ya aina zote mbili za vidonge vyake bila yeye kujua. Mtu mzima hatakiwi kuvuka gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na anayechanganya dawa za majina tofauti anaweza kuvuka akidhani yuko salama. Ini lake lilisalimika.

Daktari aliuliza swali jingine ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza. "Kabla ya kichwa, unaona nuru?" Akasema ndiyo, tangu usichana. "Na uzazi wa mpango, unatumia nini?" Vidonge vya majira, vile vya kila siku vyenye homoni mbili. Hapo daktari akaweka kalamu chini. Mwanamke ambaye kipandauso chake kinatanguliwa na nuru machoni hatakiwi kutumia vidonge hivyo, kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, kwa sababu vinaongeza hatari ya kiharusi ambayo kwake tayari ipo juu kidogo. Kijiti, sindano au kitanzi ni njia zinazozungumzika. Akahamishiwa kwenye kijiti. Dada zangu mnaosoma, jambo hili lisemeni kliniki hata kama hamkuulizwa.

Kuacha dawa za maumivu ndiko kulikokuwa kugumu. Daktari alimweleza mapema kwamba kichwa kitazidi kabla ya kupungua, na kwamba kwa kawaida ukali huo huchukua siku 2 hadi 10. Alimpa amitriptilini, dozi ndogo ya kumeza usiku, dawa ya zamani na ya bei nafuu inayozuia kipandauso kisije mara kwa mara. Kuna nyingine ya namna hiyo, propranololi, ila haimfai mwenye pumu. Hizi hazitulizi kichwa kinachouma sasa. Humezwa kila siku kwa miezi, na matunda yake huchukua wiki kadhaa kuonekana. Wengi huziacha katika wiki ya kwanza wakisema hazifanyi kazi.

Akarudi nyumbani, na nyumba ikalazimika kufanya alichokuwa akifanya marehemu mama mkwe. Kanga ikarudi dirishani. Wifi alichukua jiko: vitumbua vyake vya kwanza viliungua upande mmoja, lakini wateja walinunua. Mume alikaa nchi kavu, akibadilisha vitambaa vya maji baridi usiku, akimshika kichwa anapotapika kwenye ndoo. Majirani walileta uji, na mmoja alileta madafu kila siku bila kuombwa. Siku ya tatu na ya nne dada aliomba kidonge kimoja, kimoja tu, na mume alitoka nje ili asimpe. Nimezungumza na wifi kuhusu siku zile. Anasema hakujua kama maumivu ya kichwa yanaweza kumfanya mtu mzima aombe kama mtoto.

Wiki ya pili ikaanza kuwa nyepesi. Asubuhi moja aliamka kichwa hakiumi, akakaa kitandani muda mrefu akisubiri kianze, hakikuanza.

Sasa kipandauso bado kinakuja. Hili lisemwe wazi kwa wanaotafuta dawa ya kukimaliza: hakuna inayokiondoa moja kwa moja. Kinakuja mara mbili hivi kwa mwezi, kama zamani, na kinaondoka. Alichobadilisha ni mambo ya kawaida. Anakula kitu kabla ya kuwasha jiko, hata kama ni kitumbua chake cha jana na ndizi, kwa sababu tumbo tupu ni mmoja wa wachokozi wakubwa wa kipandauso. Chai ya rangi ameipunguza taratibu hadi kikombe kimoja, kwa kipimo na saa ile ile. Kafeini ikizidi inakichochea, na ikikatwa ghafla inakichochea vilevile. Analala saa zile zile, na mchana ana kofia pana ya ukili anapokwenda sokoni. Wifi amebaki katika biashara, na siku ya kichwa yeye ndiye mwenye jiko. Hilo la mwisho nadhani ndilo lililomsaidia kuliko mengine yote. Ushauri wa "pumzika chumba chenye giza" ni maneno matupu kwa mwanamke ambaye akipumzika nyumba haili, na familia inayotaka mgonjwa wake apone ianzie hapo.

Ukutani ana kalenda. Siku ya kichwa anaweka mstari; siku ya kidonge anaweka duara. Kichwa kikianza anameza panadol za kawaida mbili mapema, pamoja na dawa ya kichefuchefu aliyoandikiwa, kwa sababu kipandauso kikishapamba moto tumbo linazembea na kidonge kinakaa humo bila kufanya kazi. Duara zikifika sita katika mwezi anajua anarudi Bombo, hangoji kumi. Diklofenaki na jamii yake hatazigusa tena maishani, kwa ajili ya tumbo na figo, na hiyo ni hasara kwelikweli: siku akivunjika mkono au akiumwa jino, mlango huo kwake umefungwa.

Ramadhani alikuwa akiiogopa. Kufunga hukutanisha njaa, kiu, kukosa chai na kukosa usingizi, na wengi wenye kipandauso huumwa siku za mwanzo. Wiki mbili kabla alianza kuipunguza ile chai iliyobaki. Daku anakula karibu na alfajiri, vitu vinavyokaa tumboni, na anakunywa maji tangu futari mpaka daku. Siku kichwa kilipomshika alifungua, akalipa baadaye. Mgonjwa ana ruhusa hiyo katika dini, na shehe aliyemuuliza alimwambia aitumie bila kujilaumu.

Watu wa hali yake ni wengi kuliko tunavyodhani. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba karibu na Hospitali ya Haydom, kule Mbulu, waliwauliza watu zaidi ya 7,000, na matokeo waliyochapisha mwaka 2010 yalionyesha kwamba wanawake wenye kipandauso walikuwa karibu mara 3 ya wanaume. Wengi wa wanawake wa namna hiyo, kijijini na mjini, wana jiko la kuwasha alfajiri.

Kipo pia kichwa ambacho si cha kulala wala kufunga kanga. Maumivu yanayolipuka ghafla na kufikia ukali wote papo hapo. Kichwa chenye homa na shingo ngumu. Kichwa pamoja na mkono au mguu kulegea, au ulimi kuwa mzito. Kichwa cha mama mjamzito anayevimba au kuona ukungu. Kichwa kipya kwa mtu aliyevuka miaka 50. Hao wapakiwe bajaji sasa hivi.

Na wewe ambaye kichwa kinakuuma kila baada ya siku mbili tatu, chukua kalenda leo, rudi nyuma siku 30, weka alama kila siku uliyomeza kidonge cha maumivu cha aina yoyote. Zikifika 10, nenda kituo cha afya ukiwa na kalenda na maganda yako yote, umwambie mhudumu idadi kamili. Kama unachomeza ni tramadoli au chenye kodeini, usikatize peke yako nyumbani. Mwambie daktari akupunguzie taratibu. Wewe muuza dawa, anayekuja mara ya tatu wiki hii kusema "nipe za kichwa", tafadhali muulize kichwa hicho kimeanza lini, na umwelekeze hospitali.